Kisu Kisichopitishwa Motoni

Asubuhi ile Tiong-gi alimvunja mbwa mguu. Alimpiga kwa bomba la chuma, mara moja tu, na mbwa akalia mlio ambao Siok-tin aliusikia mpaka jikoni alikokuwa akikoroga uji wa mchele. Kosa la mbwa lilikuwa kutobweka. Juu ya ukuta wa nyuma, pale marehemu baba yao alipopandikiza vipande vya chupa ili mwizi akiruka achanike, palikuwa na kitambaa chekundu kimenasa, na Tiong-gi alikwisha kuamua kwamba mtu amepita.

"Nitampata," alisema, bomba bado mkononi. "Nikimpata, mama yake mwenyewe hatamtambua."

Siok-tin alikitazama kile kitambaa. Kilikuwa chake mwenyewe, cha kushikia sufuria, kilichopeperushwa na upepo wa jana kutoka kwenye kamba ya nguo. Akafungua mdomo, akaufunga, akarudi kukoroga uji. Ndivyo alivyoishi na mwanawe huyu mkubwa kwa miaka thelathini na moja: kufungua mdomo na kuufunga.

Mbwa alijikokota mpaka chini ya tangi la maji, akalala huko akilamba mfupa uliotokeza.

Ilikuwa siku ya mia tangu Hok-lai, mumewe, azikwe, na ndiyo siku waliyoweka ya kugawana. Mjomba wa watoto alikuwa njiani kutoka mji wa Puli. Katika bonde lile ndugu wakigawana urithi, mjomba ndiye hukaa katikati. Baba akishakufa, neno la kaka wa mama halina rufaa. Na urithi wenyewe ulikuwa okidi. Nyumba ilikuwa ndogo, shamba la mianzi lilikuwa mawe matupu, lakini bandani, chini ya neti nyeusi, mlikuwa na vyungu mia mbili na sitini.

Hazikuwa okidi za maua ya kuweka mezani. Hizi zilikuwa fupi, majani manene ya kijani kizito, na watu walizitafuta kwa ajili ya mistari: mstari mweupe au wa njano unaopita kwenye jani tangu shinani hadi nchani. Miaka ile Taiwan nzima ilikuwa imepagawa na mistari. Chipukizi moja lenye mstari mzuri liliweza kubadilishwa na nyumba. Ng'ambo ya bonde mkulima mmoja alikutwa bandani kwake amefungwa mikono kwa waya, kichwa kimepasuliwa kwa chungu, rafu zote tupu. Tangu hapo kila mwenye banda alilala na panga.

Tiong-gi hakungoja mwizi aje. Miezi miwili nyuma alimkuta mwanamume akipita kando ya ukuta, Liau, mchimba machipukizi ya mianzi, kikapu mgongoni. Hakumuuliza kitu. Alimpiga bomba la taya mpaka taya likaenda upande, kisha akampiga mateke akiwa chini, na machipukizi yakatawanyika barabarani pamoja na meno. Polisi walipokuja, Siok-tin ndiye aliyejibu. Alisema mtu yule alipanda ukuta, akateleza, akaangukia vioo. Kesho yake alipika tambi za miguu ya nguruwe, chakula cha kumwondolea mtu mkosi, akampelekea Liau, akampigia mkewe magoti asiendeshe kesi. Na aliporudi nyumbani alimpakulia Tiong-gi bakuli la tambi zilezile, maana naye, alijiambia, amepatwa na mkosi.

Huyo ndiye mkubwa. Akiwa na miaka sita alimng'oa jino mtoto wa jirani kwa jiwe, na baba yake akacheka akasema, "Huyu hataonewa na mtu." Siok-tin naye alicheka. Alijisikia vizuri kuwa na mtoto ambaye watoto wengine wanampisha njia.

Mdogo, Bun-hui, alikuwa fundi wa pikipiki, mwembamba, mikono myeusi kwa grisi, ulimi wake mkali kuliko kisu.

Mjomba Bok-san alifika na gari lake la kubebea mizigo, akashuka akipangusa shingo kwa taulo. Kabla hata ya kunywa chai alimwona mbwa chini ya tangi.

"Huyu amegongwa na nini?"

"Na kaka," Bun-hui alijibu. "Mbwa alikataa kusema uongo."

"Endelea," Tiong-gi alisema taratibu. "Endelea kuchekesha watu. Leo tutaona utacheka na jino gani."

"Nyamazeni nyote wawili," Mjomba alisema. "Sijaja kuamua ngumi. Siok-tin, leta taa ya spiriti na kisu. Kwanza tunachambua. Mche mgonjwa haugawiwi. Nikimpa mtu mche mgonjwa leo, mwaka kesho banda lake lote limekwisha, na atanilaani mimi kaburini. Kwanza tunatoa wa kuchoma, halafu ndio tunagawa wa kubaki."

Siok-tin alileta taa na kisu. Alijua jambo ambalo wanaume hawa watatu hawakulijua.

Hok-lai alikuwa mwangalifu maisha yake yote. Ukitaka kutenganisha okidi mbili unakata kati ya vile vivimbe vyake vinavyofanana na vitunguu, na kila ukimaliza mche mmoja unapitisha kisu motoni, unahesabu mpaka kumi, ndipo unagusa mwingine. Utomvu wa mche mgonjwa ukibaki kwenye kisu unaupa ugonjwa mche mzima, na ugonjwa huo hauna dawa. Mtoto wa darasa la kwanza katika bonde lile anajua. Lakini masika ya mwaka uliopita wanunuzi walipojipanga getini, Hok-lai alikata miche ya vyungu arobaini kwa alasiri moja, na kisu alikuwa anakifuta kwenye suruali.

Ilipofika vuli, mche mmoja kati ya hiyo arobaini, mche wa kawaida kabisa, wa kijani kitupu, ukatoa mistari myeupe. Nyumba nzima ilipiga kelele. Hok-lai aliuita Mlima wa Theluji. Watu walikuja na kamera. Tiong-gi aliwaambia wote, hata wasiomuuliza, kwamba huo ni wake, yeye ndiye mtoto mkubwa, na mnunuzi mmoja wa Taichung aliupima majani kwa rula akaondoka anatetemeka. Mwaka mpya ulipoingia, Hok-lai aliuweka kwenye jua akautazama kwa kioo cha kukuzia. Ile mistari ilikuwa imedidimia ndani ya jani, na nyuma ya jani moja palianza weusi kama masizi. Haikuwa mistari. Ulikuwa ugonjwa wenyewe, na walikuwa wameupa jina na kuupiga picha.

Kitandani, ini lake likiwa limemvimbisha tumbo, alimshika mkono mkewe. "Mama Tiong-gi, ule uchome. Na yote niliyoikata siku ile, nimeiandika kwenye daftari. Usiwape watoto."

Siok-tin akasema ndiyo. Hok-lai akafa na ile ndiyo.

Lakini angewezaje? Tiong-gi alikwisha kuuahidi kwa watu. Akisikia mama yake ameuchoma, atavunja nini, atamvunja nani? Kwa hiyo kila jani lililoanza weusi Siok-tin alilikata chini kabisa kwa mkasi, akalitia jikoni chini ya sufuria ya wali. Majani matatu kwa siku mia moja. Yaliyobaki manne yalikuwa meupe na mazuri, na daftari alilificha ndani ya pipa la mchele. Alifikiri: acha wagawane kwa amani kwanza, yatakayokuja yaje. Mama anayeogopa kelele leo hununua kilio cha kesho, lakini hakuna aliyemwambia, na kama angeambiwa asingesikia.

Wakaanza kuchambua. Kushoto wa kubaki, kulia wa kuchoma. Mjomba alikuwa akiinua kila chungu, anageuza jani juani, anatazama nyuma, anasema neno moja. "Kushoto." "Kushoto." "Huu una doa. Kulia." Tiong-gi na Bun-hui walibeba. Kila mche mzuri ulipopita Tiong-gi aliutazama kama chakula, na kila Bun-hui alipokaribia alimpiga bega. Mara ya tatu chungu kilimtoka Bun-hui, kikapasuka kwenye saruji.

"Una macho?" Tiong-gi aliuliza.

"Ninayo. Ndiyo maana nakuona."

Tiong-gi alimchapa kofi. Lilikuwa kofi la nguvu, la kiganja kizima, na pua ya Bun-hui ikaanza kutiririka damu juu ya shati. Bun-hui hakurudisha. Alitema mate mekundu kwenye mche uliokuwa chini.

"Huu nao wa kuchoma, Mjomba. Umepata doa."

"Siku nyingine nitawafunga kama nguruwe," Mjomba alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. Alimtazama dada yake. "Siok-tin, huyu mtoto wako ana nini?"

"Ana uchungu wa baba yake," Siok-tin alijibu, akimfuta Bun-hui pua kwa aproni. "Kofi tu, Kaka. Wamekuwa hivyo tangu wadogo. Endelea."

Wakafika kwenye rafu ya mwisho. Mlima wa Theluji ulikuwa peke yake ndani ya kizimba cha waya chenye kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Tiong-gi, aliyemwachia mama yake wakati wa kumwagilia tu. Alikifungua mwenyewe. Mjomba aliuinua kwa mikono miwili. Akaugeuza juani. Nyuki mmoja akatua juu ya taulo lake na kuruka, naye bado anaugeuza.

"Mistari haianzii shinani," alisema mwishoni. "Mstari wa kweli unatoka chini moja kwa moja. Huu unaanzia katikati, unakatika, unaanza tena."

"Mjomba, wewe ni mkulima wa uyoga tu," Tiong-gi alisema. "Mtu wa Taichung aliupima. Yule anajua."

"Yule anataka. Kutaka si kujua." Mjomba aliutazama mche tena, kisha dada yake. "Siok-tin. Wewe ndiye uliyeumwagilia. Umewahi kutoa jani baya? Jani lenye weusi nyuma?"

Wanaume watatu walimgeukia. Tiong-gi alikuwa ameegemea nguzo ya banda, bomba lake limesimamishwa pembeni, na vidole vyake vilikuwa vinaligusa, vinaliacha, vinaligusa.

"Hapana," Siok-tin alisema.

"Njoo useme mbele ya mumeo."

Wakaingia sebuleni. Picha ya Hok-lai ilikuwa mezani, na machungwa, na chungu cha majivu. Siok-tin aliwasha udi, vijiti vitatu, akavishika usawa wa paji la uso. Moshi ulimwingia machoni. Akaapa mbele ya picha ya mumewe kwamba mche ule haujawahi kutoa jani baya. Alipomaliza, jivu lilimdondokea juu ya kiganja, likamuunguza, naye hakulipangusa.

Basi Mjomba akagawa mafungu mawili: fungu la kwanza Mlima wa Theluji na vyungu ishirini, fungu la pili vyungu vyote vingine pamoja na nyumba. Akaandika kwenye karatasi mbili nyekundu, akazisokota, akazitia ndani ya bakuli la wali.

"Mkubwa kwanza," alisema.

Tiong-gi alitia mkono. Akafungua. Ilikuwa ya pili.

Bun-hui alichukua iliyobaki na hakuifungua kabisa. Aliiweka tu nyuma ya sikio kama sigara. Kisha akatoka, akaenda bandani, akaunyanyua Mlima wa Theluji, akaukumbatia kifuani.

"Rudia," Tiong-gi alimwambia Mjomba.

"Kura mbele ya baba yako hairudiwi. Umepata nyumba, umepata vyungu zaidi ya mia mbili. Una njaa gani wewe?"

"Umekunja karatasi kwa alama. Nimekuona."

"Tiong-gi!" Siok-tin aliita.

Hakusikia. Alikwisha kuwa nje. Bun-hui alimwona akija na badala ya kukimbia akamfungulia ulimi. "Kaka, usihuzunike. Nenda kavunje mguu wa mbwa mwingine. Wako watatu pale dukani."

Tiong-gi alimshika shingo kwa mkono mmoja, akambamiza kwenye nguzo mpaka neti nzima ikatikisika na maji ya juu yake yakawamwagikia. Akampiga ngumi ya sikio. Akampiga goti la mbavu, na Siok-tin akasikia kitu kikilia ndani ya mwanawe kama kijiti kikavu. Bun-hui hakuachia chungu. Alijikunja juu yake kama mwanamke anayelinda mimba, naye akapigwa mgongo, akapigwa kichwa, akapigwa. Mjomba alikuja na benchi la kukalia, akamshushia Tiong-gi begani. Tiong-gi aligeuka, akampiga kichwa cha uso, na mzee wa miaka sitini na minane akaanguka kati ya vyungu, miguu juu, mdomo umejaa damu.

Ndipo Siok-tin akasema. Alipiga kelele iliyomchana koo.

"Ni mgonjwa! Huo mche ni mgonjwa! Baba yenu aliniambia niuchome! Nimekata majani matatu kwa mkono wangu! Uacheni!"

Ngumi ilisimama hewani. Kwa muda wa pumzi mbili ilionekana kama maneno yamefanya kazi.

"Sasa hivi," Tiong-gi alisema, akihema, "sasa hivi umeapa mbele ya baba."

"Nilidanganya."

"Unadanganya sasa. Unataka nimwachie huyu kitindamimba wako."

"Mama," Bun-hui alisema kutoka chini, na meno yake yalikuwa mekundu, "wewe siku zote unamwogopa yeye. Unasema hivyo ili mimi nimwachie. Siachi."

Hakuna aliyemwamini. Alikuwa amewalea wote wawili kwa maneno ya kutuliza, na sasa neno la kweli lilipotoka halikuwa na tofauti na yale mengine.

Kisu kilikuwa juu ya meza ya bandani, kando ya taa ya spiriti. Tiong-gi alikichukua. Siok-tin alimrukia, akamning'inia mkononi, akamng'ata mkono mpaka akahisi chumvi, naye akamtupa pembeni kama gunia. Kisha akainama, akakipitisha kisu pale vidole vya Bun-hui viliposhikana mbele ya chungu. Kisu kile kilinolewa kwa miaka ishirini ili kikate bila kuponda. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliondoka. Kisu kikapita ukingo wa chungu, kikaingia tumboni, na Bun-hui akatoa sauti ndogo ya mshangao, kama mtu aliyekanyaga maji baridi.

Chungu kikaanguka, kikapasuka. Mlima wa Theluji ulilala kwenye saruji na mizizi yake nje, na kivimbe chake kilikuwa kimechanika katikati kwa kisu kilekile. Ndani kilikuwa cheusi, kimelainika, kinanuka kama gimbi lililooza.

Tiong-gi alikitazama. Akakigusa kwa ncha ya kiatu. Uso wake ukawa wa mtoto wa miaka sita.

"Kumbe ni kweli," alisema.

Siok-tin alikuwa amepiga magoti, akivuta kitambaa chekundu cha meza ya udi ambacho alikuwa amekimbilia sebuleni kukichukua bila kujua amekimbia, akikikandamiza tumboni kwa Bun-hui. Viganja vyake vilizama kwenye joto. Vidole viwili viliviringika chini ya rafu, na aliviokota, akavitia ndani ya bakuli la kura kwa sababu ndilo alilonyakua pamoja na kitambaa, akakimbilia jikoni kumimina juu yake barafu ya kuhifadhia samaki. Mjomba, jino limening'inia, aliwasha gari.

Njia nzima ya kwenda Puli Bun-hui alikuwa ameweka kichwa mapajani mwa mama yake nyuma ya gari, jua limewapiga usoni. Alisema mara moja tu, "Mama, sasa spana nitashika na nini?" Halafu akanyamaza, na Siok-tin alikuwa anamfinya shavu kila dakika ili afumbue macho.

Hospitali wakamchukua. Siok-tin akaachwa ukumbini, damu imekauka mpaka viwikoni, bakuli tupu mikononi. Hapo ndipo Tiong-gi alipotokea. Alikuwa amewafuata kwa pikipiki. Alikuwa amenawa, amebadili shati, amechana nywele kwa maji.

Akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti. "Mama. Polisi wako nje. Sema aliangukia vioo. Kama ulivyosema siku ile. Alipanda ukuta akaanguka. Mjomba ni ndugu yako, atasema utakachosema." Alikuwa analia, na ilikuwa kweli, machozi halisi yalikuwa yanamdondoka. "Mimi ni mwanao. Sikudhamiria. Wewe ndiye uliyesema ni mzima. Ungesema kweli mapema, ningempiga? Eh, Mama? Ningempiga?"

Alikuwa na haki katika hilo, na Siok-tin alilijua, na lilimuuma kuliko jino bovu. Aliuangalia uso huu alioupakulia tambi mara ngapi. Uso mzuri. Kila mtu alikuwa akisema mtoto huyu ni mzuri.

Polisi wakaingia wawili. Mmoja alikuwa yuleyule aliyekuja wakati wa Liau. Alitazama damu mikononi mwake, akatoa kidaftari.

"Mama Tan. Huyu naye kaanguka ukutani?"

Vidole vya Tiong-gi vilimkaza goti mpaka akahisi maumivu. Nyuma ya mlango mtu alikuwa anaita damu iletwe haraka.

"Hapana," Siok-tin alisema. "Hakuanguka. Huyu hapa ndiye aliyemkata. Ni mwanangu mkubwa, anaitwa Tan Tiong-gi. Alichukua kisu cha okidi, akamkata mdogo wake, mimi nikiona. Na yule wa kwanza pia hakuanguka."

Tiong-gi aliinuka kama chemchemi. Alimpiga polisi wa kwanza kisukusuku cha koo, na wa pili akamrukia mgongoni, na wa kwanza akachomoa kirungu. Siok-tin aliona yote. Walimpiga magotini, wakampiga mgongo, wakambana uso kwenye sakafu ya hospitali, na pingu zilipolia alikuwa bado anapiga mateke, meno yamejaa mate.

"Umenitupa!" alikuwa anapiga kelele. "Mama, umenitupa! Mimi!"

Walimburuta. Kiatu chake kimoja kikabaki ukumbini. Siok-tin akakiokota, akakiweka mapajani kando ya bakuli, akakaa.

Bun-hui aliishi. Walimkata utumbo kipande, wakamshona, na vidole wakavipachika tena. Kidole kimoja kilishika. Cha pili kilikuwa cheusi baada ya siku nne, wakakitoa tena.

Siku ya tano Siok-tin alirudi bandani na Mjomba. Alitoa daftari ndani ya pipa la mchele, akasoma namba moja baada ya nyingine, na Mjomba, uso bado umevimba, alikuwa akitafuta chungu na kukiweka kulia. Vyungu arobaini, na vingine vilivyokaa karibu navyo. Wakawasha moto kwenye pipa la chuma. Majani mabichi hayakubali kuungua haraka. Yalifoka, yalipasuka, yalitoa moshi mzito wa njano.

Mjomba aliinua mmoja uliokuwa na mistari myeupe, kamili, imesimama sawasawa. "Huu je? Mimi nauona mzuri."

"Ulikatwa siku ile?"

Akatazama kibao cha namba chunguni. "Ulikatwa."

"Motoni."

"Lakini huenda…"

"Kaka. Motoni."

Mwisho Siok-tin alikitia motoni kisu chenyewe, na mpini wake wa mti ukaungua.

Wiki iliyofuata ulikuja ujumbe kutoka mahabusu. Tiong-gi alitaka kujua kama siku atakayotoka mama yake atamsubiri getini na tambi za miguu ya nguruwe, kama mama za watu wengine wanavyofanya. Siok-tin alikaa na ujumbe ule siku nzima. Kesho yake alikwenda sokoni, akanunua miguu miwili ya nguruwe, akaichemsha kwa tangawizi na soya mpaka nyama ikaachia mfupa, akachemsha tambi, akafunika sufuria kwa kitambaa chekundu cha jikoni, kilekile cha ukutani. Mbwa alimfuata kwa miguu mitatu mpaka getini. Siok-tin hakwenda njia ya mahabusu. Alipanda njia ya juu, ya mianzi, mpaka nyumba ya Liau.

Mkewe alifungua mlango nusu. Nyuma yake Liau alikuwa kitini, taya limefungwa kwa waya, akivuta uji kwa mrija.

"Umekuja kupiga magoti tena?" mwanamke aliuliza.

"Hapana. Siku ile niliwaambia polisi kwamba mumeo aliangukia vioo. Nilidanganya. Wao nimekwisha kuwaambia, lakini ninyi sijawaambia."

Mwanamke alitazama sufuria, akatazama mikono iliyoishika, akafungua mlango nusu iliyobaki.

"Weka hapo chini," alisema. "Keti. Anza mwanzo, na usiruke kitu."

Siok-tin akaketi. Akaanza na jino la mtoto wa jirani.